Sitaki Pole, Nataka Zamu

Pale kiwandani walimwita Gundi. Jina lilitokana na vidole vyake, ambavyo kwa miaka kumi na saba ya kufunga vitabu vya stakabadhi na madaftari ya shule vilikuwa vimeota utando mgumu usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Likamkaa vizuri zaidi kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa alipowekwa. Wachapaji walikuja wakaondoka, mwenye kiwanda akafa akarithiwa na mwanawe, mashine kongwe zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na Gundi yupo palepale kwenye meza yake karibu na dirisha, anakunja, anapanga, anapiga pini, anapaka, anabana. Wenzake walikuwa na mzaha wao: ukimtafuta Gundi usiulize yuko wapi, uliza kabandikwa wapi. Naye alicheka nao. Hawakujua kwamba kulikuwa na mahali pengine alikobandikwa, na huko hakukuwa na mtu wa kucheka naye.

Huko ni nyumbani, kwa mama yake.

Mtaa mzima ulimwita mama huyo Mkuu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo hatua mia tatu kutoka mlangoni pake, na alikuwa mkuu kwelikweli: wanaume wazima wenye ndevu, baba za watu, walificha sigara mgongoni walipomwona anatokea kwenye kona. Alistaafu akiwa na akili zake timamu. Mwaka wa pili wa kustaafu, siku moja, akafua mapazia ya nyumba nzima mara tatu. Wiki ile hakupata usingizi wala hakuutafuta. Aliandika barua kwa wizara, kurasa juu ya kurasa, akieleza namna ya kuanza upya shule zote za nchi. Kisha akaporomoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani, akageukia ukuta, hakuoga wala kusema na mtu kwa majuma matatu. Daktari akaeleza kwamba huo ni ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, kwamba hauondoki kwa kukemewa wala kwa kubembelezwa, na kwamba hutulizwa kwa dawa za kila siku, asubuhi na jioni, bila kuruka.

Tangu hapo imepita miaka sita. Wakati ule Gundi alikuwa na mume, na mume mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa kwanza alisaidia. Mwaka wa pili alinyamaza. Mwaka wa tatu alisema yeye alioa mtu mmoja, hakuoa wawili, akahamisha vitu vyake kwa safari mbili za mkokoteni. Gundi alimsaidia kukunja mashati. Ilipita miezi kabla hajajiuliza ni wazimu gani ulimwingia yeye, mtu mwenye akili zake, akamkunjia mashati mwanamume anayemkimbia, tena akanyoosha na kola. Siku aliyojiuliza, alivunja sahani mbili. Mama yake akamwambia kutoka chumbani kwamba zitakatwa kwenye mshahara wake.

Maana Mkuu, ugonjwa ulipopanda, hakumkubali Gundi kuwa mwanawe. Alimwona kama mfanyakazi aliyeletwa na wabaya wake kuja kumwibia muhuri wa shule. Muhuri huo alikwisha kuukabidhi siku ya kustaafu, mbele ya watu, na picha zipo. Haidhuru. Kila asubuhi Gundi aliulizwa muhuri uko wapi. Alipomwogesha aliulizwa. Alipompa dawa aliulizwa, halafu dawa ikatemwa begani kwake. "Mwanangu hana mikono michafu namna hii," Mkuu alikuwa akisema, akiviangalia vile vidole vya gundi. Na wala hakusema kwa kelele. Alisema kwa ile sauti ya ofisini iliyokuwa ikiwaliza walimu wazima.

Mtoto ambaye Mkuu alimkumbuka hata katika siku mbaya kabisa alikuwa mmoja tu, naye ni Kaka.

Kaka alikuwa mkubwa kwa Gundi kwa miaka mitatu. Alifanya kazi ya bima katika mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi, na alipiga simu kila Jumapili saa nne asubuhi. Simu ilichukua dakika sita. Kwa ajili ya dakika hizo sita Mkuu aliosha uso, akavaa miwani, akaketi wima. Alicheka. Aliuliza habari za wajukuu kwa majina yao yote. Simu ikikatwa alisema, "Huyo ndiye mtoto," kisha akarudi kuuliza muhuri. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakumjua Kaka. Yeye hakuwepo, na lake ndilo lililokuwepo kila siku, limeketi kwenye kiti cha mbele.

Gundi alikuwa na hasira. Tusimpambe akawa mtu mwingine. Majirani walimwita mtu wa thawabu, wakamwambia ana moyo, wakamwambia Mungu atamlipa, naye akaitikia asante, kisha akaufunga mlango kwa kishindo. Alilala na ufunguo wa mlango umefungwa kiunoni, sikio moja liko macho. Kijiko kikianguka, aliruka kitandani. Kichwa kilimgonga tangu kisogoni. Kiwandani alianza kusahau hesabu ya kurasa, na siku moja akaweka chini ya kisu cha mashine rundo la madaftari mia mbili likiwa limekaa upande, akayakata yote pogo. Msimamizi alimuuliza kama amelewa. Gundi akasema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi kuliko kueleza.

Basi ndipo Kaka akaja kutembea.

Alikuja siku nne, na koti zuri, na tabasamu la mtu aliyelala njia nzima. Mkuu alimpokea mlangoni akiwa amechana nywele. Kwa siku nne zile mama alikuwa kama mwezi wa kumi na nne. Alikula mezani, akasimulia visa vya wanafunzi wa zamani, akamkosoa Kaka kwa kuvimba tumbo. Hakumuuliza mtu habari za muhuri. Gundi aliangalia muujiza huo akiwa amesimama na sinia mkononi, asijue acheke au alie. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mwenyeji alipona kwa mgeni, na Gundi aliyekuwa akimuuguza akaonekana mwongo.

Siku ya tatu, ambayo mgeni hupewa jembe, Kaka hakupewa jembe. Alipewa kiti kikubwa, akaitisha kikao. Mama mdogo, ndugu wa pekee wa Mkuu aliyebaki, aliitwa kutoka mtaa wa pili aje awe shahidi. Kaka akasema kwa upole kwamba amemwangalia mama kwa jicho pevu na haoni ugonjwa wowote. Anachoona ni mzee aliyechoshwa na madawa. Akasema madawa hayo yanampumbaza, mikono inamtetemeka, mate yanamtoka akilala. Mama mdogo akatikisa kichwa kukubali, maana yeye hutikisa kichwa kwa anayesema mwisho. Gundi akasema daktari hakubali dawa zikatwe ghafla, akasema kilichotokea mara ya mwisho, akasema wiki ile alipomtafuta mama kwenye mitaro. Kaka akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Dada, wewe umechoka. Mtu aliyechoka huona ugonjwa kila mahali."

Akaenda chooni na chupa mbili za vidonge, akazimwaga, akavuta maji.

Jambo ambalo Gundi hakulisema kwa mtu kwa muda mrefu ni hili: hakumzuia. Mlango wa choo ulikuwa wazi, yeye yupo hatua tatu. Lakini sehemu fulani ndani yake, sehemu iliyochoka kupita zote, ilitamani Kaka awe amesema kweli. Ingekuwaje kama ni kweli mama ni mzima, na miaka sita yote ilikuwa ndoto mbaya ya mtu asiyelala vizuri? Akasimama, akasikia maji yakivutwa. Kesho yake Kaka akapanda basi.

Ilichukua siku kumi na moja. Gundi alikwenda kliniki kuomba dawa nyingine, akaambiwa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Alipata robo ya zilizohitajika kwenye duka la dawa, lakini Mkuu alikataa hata kuzigusa. "Mwanangu amesema mimi mzima," akasema. Siku ya saba akaanza kufua mapazia.

Siku ya kumi na moja, saa mbili na nusu asubuhi, Gundi akiwa kwenye oda kubwa ya madaftari ya hesabu, aliitwa kwenye simu ya ofisini. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa sasa wa ile shule, mtu wa miaka hamsini aliyewahi kufundishwa na Mkuu darasa la tatu. Alizungumza kwa kunong'ona. Alisema mama yuko hapa, amepiga kengele, amewatoa watoto wote madarasani, na yeye amejaribu kusema naye lakini, samahani sana dada, ameshindwa.

Gundi hakuvua hata aproni. Alipofika aliona watoto mia nne wamepanga mistari kwenye uwanja wa vumbi, kimya kabisa, kimya ambacho walimu wao hawajawahi kukipata. Mbele yao, juu ya kile kijukwaa cha saruji, Mkuu amesimama na koti lake la bluu la ofisini juu ya gauni la kulalia. Mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili. Walimu wamepangwa pembeni. Mwalimu mkuu wa sasa anaokota karatasi uwanjani, ameinama na tai yake, kwa sababu ameamriwa aokote. Hotuba ilikuwa nzuri. Ilihusu usafi na wezi. Nyuma ya uzio watu wa mtaa walikuwa wamejaa, wengine wameinua simu zao.

Gundi akapanda kijukwaani, akamshika mama mkono, akamwambia taratibu twende nyumbani. Mkuu akamgeuza ili watoto wamwone vizuri.

"Huyu hapa," akasema. "Mwangalieni mikono. Huyu ndiye mwizi wa muhuri wenu."

Watoto mia nne wakaangalia mikono yake. Wakati Gundi anamvuta tena, Mkuu akamtemea mate usoni. Na Gundi akampiga kofi.

Halikuwa kofi kubwa. Lilisikika uwanja mzima. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaanza kulia, kisha wa pili. Mkuu akajishika shavu, akamtazama Gundi kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeamshwa, na kwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima akamwita kwa jina lake la utotoni. Alisema hilo tu. Walirudi nyumbani wameshikana mikono, koti la bluu na aproni ya gundi, na hakuna aliyewasogelea.

Mchana ule Mkuu alilazwa wodi ya akili, akakaa siku kumi na nane. Dawa zikapatikana, maana mtu akishafanya fujo mbele ya watu dawa hupatikana.

Nesi wa wodi ile alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani yake imefungwa uzi pembeni. Siku ya tatu alimkuta Gundi kwenye benchi la nje akaketi karibu naye, na Gundi akasema bila kuulizwa kwamba amempiga mama yake. Nesi hakushtuka. Aliuliza ni nani mwingine anayekaa na mgonjwa. Hakuna. Hata siku moja kwa mwezi? Hakuna. Nesi akasema pole.

Hapo kitu kikapasuka. "Usinipe pole, nesi," Gundi alisema. "Pole ninazo. Nyumba imejaa pole, sina hata pa kuziweka. Kila anayepita ananipa pole, halafu anaenda kulala kwake. Sitaki pole. Nataka zamu."

Akaendelea. Alisema yote, pamoja na yale mashati, pamoja na mlango wa choo uliokuwa wazi. Alisema kuna asubuhi anasimama nje ya chumba cha mama, mkono uko kwenye kitasa, na anatamani akifungua akute yameisha. Watu wa kwenye benchi la pili wakageuka. Nesi alimsubiri amalize, akaenda akarudi na kile kipimo cha presha, akamfunga mkononi. Presha ilikuwa ya kumlaza mtu.

"Faili la mama yako lina kurasa sitini," nesi akasema akifungua kile kitambaa. "Wewe huna hata karatasi moja. Nawaona mkiwaleta hapa miaka nenda rudi, wao wanapata nafuu, ninyi mnaisha mmesimama. Hiyo zamu nenda kaidai, na usiidai kwa kuomba." Akamwambia pia kwamba kila Alhamisi alasiri kuna watu hukutana chumba cha nyuma, wote wauguzaji, hawaombi dua wala hawafundishwi, wanaongea tu. Gundi akasema hana nafasi. Nesi akasema anajua.

Jioni hiyo alimpigia Kaka, ingawa haikuwa Jumapili. Alimsimulia bila kupaza sauti. Kaka akashusha pumzi ndefu, akasema maskini mama, akasema pole sana. Akasema yeye angependa kusaidia zaidi ila kazi yenyewe ndiyo hiyo na wifi yako naye hajisikii vizuri siku hizi. "Na wewe, dada, una karama," akamalizia. "Si kila mtu amejaliwa moyo kama wako."

Karama. Gundi alikaa na neno hilo siku kadhaa kama mtu aliyemeza kokoto. Kama ni karama, basi ni ile inayogawiwa kwa mtoto wa kike wakati wa kiume yuko safarini. Mbona hakuna aliyemwona nayo utotoni, waliposema Kaka ndiye mwenye akili apelekwe shule ya bweni? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi Kaka atakilalia.

Alianza na kitabu. Kwa wiki moja, saa za chakula cha mchana, aliandika kila kitu anachokijua kuhusu mama yake, akakipiga chapa kwenye kompyuta ya kiwandani, akakifunga mwenyewe kwa uzi na jalada gumu la kitambaa cheusi, kazi ambayo kwa wateja hufanywa kwa oda maalumu tu. Kurasa arobaini, na kila ukurasa una nambari. Dawa ipi saa ngapi, na namna ya kutazama chini ya ulimi. Dalili za kupanda: kufua, kuandika, kutaja wizara. Dalili za kushuka. Ukurasa wa tisa uliandikwa hivi: *Akikuita mwizi, usibishane naye. Utabishana. Kila mtu hubishana wiki ya kwanza.* Ukurasa wa ishirini na mbili: *Usimwambie mtu yeyote kwamba ni mzima kwa sababu leo amecheka.*

Mama alipotoka wodini, nesi aliandika barua ya kumtambulisha kwenye kliniki ya mji wa Kaka. Gundi akaomba likizo, ya kwanza kwa miaka minne. Akamuuliza Mkuu kama angependa kwenda kukaa kwa mwanawe. Mkuu alikuwa ametulia, mzito kidogo wa ulimi. "Kwa mwanangu?" akasema. "Nipe koti." Gundi akamtumia Kaka ujumbe: Alhamisi saa tisa nitakuwa ofisini kwako na mama. Kaka akajibu kwamba wazungumze kwanza. Gundi akakata tiketi mbili za basi.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya kwanza, ina vioo, na viti vya kusubiria vya rangi ya chungwa. Wateja sita walikuwa wamekaa. Kaka alitoka ndani akifunga kifungo cha koti, uso umeshabadilika. Mkuu alikuwa tayari amepitisha kidole juu ya kaunta, anakagua vumbi.

"Nimekuletea mama," Gundi akasema. "Uliniambia ni mzima. Kaa naye mzima wako."

"Hapa, dada? Ofisini kwangu? Unanidhalilisha mbele za watu."

"Mimi nimedhalilika mbele ya watoto mia nne. Wewe hapa una wateja sita, na watatu wamesinzia."

Kaka akamshika kiwiko, akamvuta pembeni, akaanza kusema kwa haraka habari za ufinyu wa nyumba yake na mitihani ya watoto. Gundi akamwekea mkononi mfuko wa dawa, barua ya nesi na kile kitabu cheusi. Alisema ni mwezi mmoja, siku thelathini, tarehe kama ya leo atakuja mwenyewe kumchukua. Kisha akamwendea mama, akamwekea vizuri kola ya koti. Mkuu hakumtazama, macho yalikuwa kwa mwanawe. Hilo nalo lilimuuma Gundi, hata siku aliyoshinda.

Aliteremka ngazi, akasubiri basi la kurudi saa mbili nzima kwenye benchi, akilia kwa hasira, na mwenye duka la jirani akamletea maji bila kumuuliza.

Alidhani hasira ingebaki huko. Haikubaki. Nyumba ilikuwa kimya, mlango hauna haja ya kufungwa kwa ufunguo, naye akawa anaamka saa zilezile na mkono umeshika kiuno. Alilala mchana wa Jumamosi mzima mpaka jirani akaja kugonga akidhani amekufa. Alipoamka alikuta amekasirika zaidi kuliko alivyolala, maana sasa alikuwa na nguvu za kukasirikia. Alimkasirikia Kaka, mume, mama mdogo na kichwa chake cha kukubali. Alimkasirikia mama, hasa mama, na si kwa ajili ya ugonjwa. Ugonjwa haukumfundisha Mkuu kumpenda mtoto mmoja. Hilo alilijua akiwa mzima.

Simu za Kaka zilianza siku ya pili. Amekataa dawa, nifanye nini? "Ukurasa wa nne," Gundi akasema, akakata. Amekaa bafuni saa mbili. "Kumi na tatu." Ameniita mwizi mbele ya mama mkwe wangu. "Tisa." Wifi naye alipiga, akamwita Gundi mwanamke asiye na utu, mtu wa kumtupa mzazi wake. Gundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba maneno hayo yote akiyaandika na kumpa mumewe, yatamfaa kwa miaka sita iliyopita.

Alhamisi alikwenda kwenye chumba cha nyuma. Walikuwa watu saba na feni mbovu. Mlinzi mmoja wa benki, mwanamume mkubwa wa mwili, alikuwa anauguza mkewe mwaka wa tisa sasa. Aliongea akiangalia viatu vyake. Alisema kuna siku anaomba Mungu amchukue yule mwanamke, kisha anaamka anamchemshia maji ya kuoga. Mtu mmoja akasema, "Mimi pia." Na mwingine. Gundi akainua mkono kama mwanafunzi. Hakuna aliyempa pole. Mlinzi akasogea kwenye benchi ampe nafasi zaidi, na baadaye waliongea habari za bei ya sabuni na namna ya kuondoa harufu ya mkojo kwenye godoro, na Gundi alicheka mpaka akashika mbavu, kwa mzaha ambao hawezi kuusimulia mahali pengine.

Siku ya kumi na tisa Kaka alipiga akiwa analia. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, yuko ndani ya gari lake mbele ya ofisi, analia.

"Dada, anasema mimi si mwanawe. Anasema mwanawe ni yule anayepiga simu Jumapili. Mimi ni tapeli nimevaa sura yake. Anasubiri simu yangu, dada. Nimekaa mbele yake, na anasubiri simu yangu."

Gundi alitafuta ndani yake ile furaha aliyoitegemea. Ilikuwepo kidogo, ilipita upesi.

"Hiyo haimo kitabuni," akasema. "Hiyo utaiandika wewe."

Siku ya thelathini alikwenda kumchukua, kama alivyosema. Kaka alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa. Hakuomba radhi kwa habari ya vidonge, wala hajaomba mpaka leo. Ila waliketi jikoni kwake, wifi akiwa amesimama mlangoni mikono imekunjwa, wakakubaliana: mama akikaa miezi miwili kwa Gundi, mwezi unaofuata ni wa Kaka, iwe mitihani isiwe mitihani. Mama mdogo, aliposikia, akatikisa kichwa. Gundi akamwambia kutikisa kichwa hakutoshi safari hii, atakuja kila Jumamosi kutwa. Alikuja. Wiki ya kwanza aliitwa mwizi, akatoka analia, na wiki ya pili akarudi.

Kuhusu lile kofi, Gundi alilisema mwenyewe, asubuhi moja Mkuu akiwa katika siku zake njema, anasuguliwa visigino. Alisema mama, nisamehe kwa siku ile ya shuleni. Hakutarajia jibu. Mkuu aligeuza mguu ndani ya beseni.

"Nakumbuka," akasema. "Mbele ya shule yangu."

"Na mimi nakumbuka ulichoniita."

"Nilikuita nini?"

Gundi akamwambia. Mkuu akamtazama mikono kwa muda mrefu.

"Mimi sikumbuki hilo," akasema. "Lakini siwezi kusema uongo kwamba sikusema." Kisha akaongeza kwamba maji yamepoa. Gundi akaenda kuongeza ya moto. Hawakukumbatiana. Ndani ya nyumba hiyo hawakuzoea, na ugonjwa haugeuzi watu kuwa wengine kwa sababu tu wameumizana vya kutosha.

Presha ya Gundi imeshuka, si sana. Nesi alimfungulia faili lake mwenyewe, jembamba, na Gundi akalirudisha siku hiyohiyo akisema pini zimepigwa vibaya, akazipiga upya. Hasira anayo. Anaamka nayo kama watu wengine wanavyoamka na mgongo. Tofauti ni kwamba sasa inajua njia ya kutokea, na mara nyingi inatoka na tarehe.

Zamu ya Kaka ilipofika mara ya pili, alipiga kuomba wasogeze kwa wiki mbili tu, kuna wakaguzi ofisini. Gundi alimwambia sanduku limeshafungwa. Kaka akaja, basi lake likachelewa saa nzima na nusu, akashuka kituoni akianza kueleza habari za barabara. Gundi hakumngoja amalize. Alimkabidhi mama mkono kwa mkono, akamwambia dawa ya saa sita bado hajanywa, akageuka akaenda zake kiwandani, kwa sababu kulikuwa na madaftari elfu tatu ya kukatwa na alikuwa ameshachelewa.